Daladala na bonde moja la Ucheki: wajuzi wa maneno njooni hapa

#1 NahodhaWaBara

Wakuu, salaam.

Jumamosi kikundi chetu cha kufa na kuzikana kilifanya chemsha bongo, meza nne, watu sita kila meza. Swali lililotuangusha lilikuwa hili: "Taja neno la barabarani Tanzania ambalo asili yake ni bonde lililochimbwa madini ya fedha Ulaya ya Kati." Meza yetu kimya. Jibu lililosomwa: daladala.

Maelezo yake ni haya. Karibu na mwaka 1520, kwenye bonde la Joachimsthal, ambalo leo linaitwa Jáchymov na liko Ucheki, wakaanza kufua sarafu kubwa za fedha kutokana na machimbo ya palepale. Kwa Kijerumani "Thal" ni bonde. Sarafu zikaitwa Joachimsthaler, watu wakachoka na urefu wa jina wakabaki na "thaler". Waholanzi wakasema daalder, Waingereza wakasema dollar, sisi dola, na mtaani ikawa dala. Kwa maelezo hayo, konda anayening'inia mlangoni akiita "dala dala" anaita "bonde, bonde".

Mimi nimekua nikijua daladala ni neno lililozaliwa Dar na kulelewa Dar. Nauliza kwa dhati, nani ana ushahidi wa upande wowote?

#2 Kapuku wa Tandale

Siti ya mbele nimeshawahi. Ila hilo bonde naona limeunganishwa kwa gundi.

#3 KondaMstaafu

Mleta uzi, mimi nimeshika mlango kuanzia 1984, ruti ya Kariakoo–Ubungo, kwa hiyo niacheni niseme ninachokijua.

Kabla ya hapo usafiri wa jiji ulikuwa wa UDA, shirika la mabasi ya Dar, na magari ya watu binafsi yalibeba abiria kwa kujificha. Kulikuwa na chai maharage, zile pikapu zenye benchi mbili mnatazamana magoti kwa magoti kama watu waliokaa mgahawani wanasubiri chai na maharage. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi wabebe abiria mjini, magari yakawa mengi.

Nauli yetu ilikuwa shilingi tano, na ile sarafu ya tano mtaani ilikuwa dala. Unaishika kati ya kidole gumba na cha shahada, unagonga bati la gari, ngo ngo, dereva anajua aondoke. Ukifika kituoni unaita: "Dala! Dala! Dala!" Maana yake tano, tano, tano, mtu asije akapanda halafu akatoa mbili. Gari likachukua jina la nauli. Bonde hatukulijua.

#4 MsomajiWaUsiku

KondaMstaafu ameeleza vizuri, ila swali linabaki: kwa nini tano iitwe dala? Ni kwa sababu miaka hiyo ya themanini dola moja ya Marekani ilikuwa inabadilishwa kwa shilingi tano. Nilisimuliwa hivyo na mjomba wangu aliyekuwa karani.

#5 MwalimuHesabu

MsomajiWaUsiku, hapo mjomba kateleza. Shilingi ya Tanzania ilipoanza mwaka 1966 ilirithi kiwango cha shilingi ya Afrika Mashariki: shilingi 20 kwa pauni moja ya Uingereza. Pauni wakati huo ilikuwa dola 2.80. Gawanya 20 kwa 2.80 unapata 7.14. Baadaye shilingi yetu ilishuka thamani, haikupanda ikafika tano. Kwa hiyo miaka ya themanini dola moja haikuwa shilingi tano hata kidogo.

Lakini msiitupe hesabu ya mjomba moja kwa moja, rudini nyuma zaidi. Kuanzia 1940 mpaka Septemba 1949 pauni ilifungwa kwenye dola 4.03. Gawanya 20 kwa 4.03: unapata 4.96. Hiyo ndiyo tano yetu! Wakati wa vita kuu ya pili dola moja ilikuwa karibu sawasawa na shilingi tano za Afrika Mashariki. Na Waingereza wenyewe kwao walikuwa wanaita shilingi tano "dollar" kimtaani. Nadhani jina lilishuka na askari na makarani miaka ya arobaini, likakaa kwenye noti ya shilingi tano ya mkoloni, likahamia kwenye sarafu yetu, ndipo konda akalikuta.

#6 Kapuku wa Tandale

Mwalimu ameingia na kikokotoo. Siondoki hapa.

#7 KondaMstaafu

MwalimuHesabu, nakubali sehemu moja. Sisi makonda hatukulitunga neno dala, tulilikuta. Marehemu baba yangu alikuwa kuli bandarini, akitumwa dukani na mkubwa wake anapewa "dala" anunue sigara na abaki na chenji. Hiyo ni kabla ya uhuru. Sisi tulichofanya ni kulipiga mara mbili.

#8 Bi Shangani

Asalaam alaykum. Nyie watu wa bara mnaanza hadithi katikati.

Kabla ya shilingi hazijaja, hapa Unguja watu walihesabu kwa riale. Riale yenyewe ni kipande cha fedha kikubwa, kina picha ya mwanamke mnene aliyejifunika ushungi, nyuma ndege mwenye vichwa viwili, na mwaka 1780. Huyo mwanamke ni Maria Theresa, mtawala wa Austria. Alikufa mwaka huohuo wa 1780, lakini sarafu yake iliendelea kufuliwa miaka na miaka kwa tarehe ileile, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na huku kwetu hawakutaka nyingine. Ukiwaletea yenye sura mpya wanakurudishia.

Na sarafu hiyo kwa Wazungu jina lake ni hilohilo alilolitaja mleta uzi: thaler. Kwa hiyo lile bonde limefika Forodhani kabla konda wa kwanza hajazaliwa. Hata neno thumuni mnalolitumia kwa senti hamsini limetoka hapo. Thumuni ni Kiarabu, sehemu ya nane. Sehemu ya nane ya nini? Ya riale.

#9 Mswahili wa Maskati

Naunga mkono Bi Shangani. Huku Oman sarafu hiyo ya mwanamke ilitumika sokoni mpaka 1970 ilipotoka riali ya nchi. Mpaka leo inauzwa Souq ya Matrah ikiwa imetiwa kwenye mikufu.

Na niwape jingine la bure: riali ya Oman imegawanywa baiza elfu moja. Baiza ni pesa. Ni neno lilelile, sisi tumelitamka kwa p, wao hawana p.

#10 MwalimuHesabu

Bi Shangani, heshima zako. Lakini hesabu ya thumuni inaniletea shida. Thumuni ni senti 50, na thumuni nane ni riale moja, kwa hiyo riale ni shilingi nne. Ni sahihi, maana riale ilikuwa karibu rupia mbili, na rupia ilipobadilishwa ikawa shilingi mbili. Sasa dala ya KondaMstaafu ni shilingi tano. Kama dala ingekuwa mtoto wa riale ya Unguja, ingebaki nne. Kwa nini iongezeke moja?

#11 Bi Shangani

Mwalimu, mimi sikusema dala katoka kwa riale. Nimesema bonde lilifika mapema. Soma tena #8.

#12 Mkaazi wa Githurai

Habari zenu watani. Huku Kenya gari letu linaitwa matatu, na hatuna ugomvi kama wenu. Zamani nauli ilikuwa senti thelathini, vipande vitatu vya senti kumi. Kwa Kikuyu, "mang'otore matatu". Abiria akiuliza ni pesa ngapi anaambiwa "matatu", basi. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta akatoa amri zibebe watu bila ile leseni ya mabasi, zikazagaa kila mahali.

Kwa hivyo Dar na Nairobi, miji miwili tofauti, gari limechukua jina la nauli yake. Hilo linanifurahisha kuliko bonde.

#13 Mjomvu

Githurai, bwanangu, mimi wa Mombasa nimeambiwa na wazee kuwa matatu ni kwa sababu ya vile viti, safu tatu. Wengine husema mabenchi matatu kwenye yale magari ya mwanzo, mawili ubavuni na moja nyuma ya dereva. Ugomvi mnao, ila hamujakaa mkausema.

#14 Mkaazi wa Githurai

Mjomvu, safu tatu za viti zingekuwa "tatu", si "matatu". Ile "ma" imetoka kwa mang'otore.

#15 Mjomvu

Na mabenchi je? Benchi, mabenchi. Mabenchi matatu. "Ma" hiyo hapo.

#16 Kapuku wa Tandale

Githurai jibu hilo, tunakusubiri.

#17 Nyange wa Jinja

Wakati anafikiria: huku Uganda teksi hizo zimewahi kuitwa kamunye, yule ndege mwewe anayenyakua vifaranga, kwa mbio zao za kunyakua abiria. Na bodaboda mnayoipanda wote ilianza kama baiskeli za Busia, zikivusha watu eneo la katikati ya vituo viwili vya mpaka. Walikuwa wanaita "boda, boda!", yaani mpakani kwenda mpakani. Nalo limepigwa mara mbili kama la KondaMstaafu.

#18 KondaMstaafu

Nyange umenipa nguvu. Neno la kuitia abiria lazima lirudiwe. Ukiita mara moja halisikiki.

#19 SalomeWaSingida

Samahani naingilia. Kama dala ni ya Wacheki, na hela je? Nimeona Wakenya hawasemi hela, wanasema pesa tu. Mimi nimefundishwa hela ni Kiarabu.

#20 MpareStuttgart

Dada Salome, hela ni Kijerumani, na ndiyo sababu Wakenya hawana: wao hawakutawaliwa na Mjerumani. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilibadilisha mfumo wa rupia. Mwanzoni rupia moja ilikuwa pesa 64, kwa mtindo wa India. Kuanzia hapo ikawa Heller 100. Wakafua vipande vya Heller vya shaba nyekundu, baadaye vya tano na kumi vikatobolewa tundu katikati. Watu wetu wakasema hela. Mjerumani akaondoka, hela ikabaki. Ni kama shule, nayo ni Schule, tulibaki nayo.

Wakati wa vita kuu ya kwanza meli za Wajerumani zilipozuiwa, walifua sarafu Tabora mwaka 1916. Kuna ya hela 20, na kuna ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, na zina herufi T kwa ajili ya Tabora.

Lakini ngojeni sehemu tamu. Heller yenyewe ni jina la mji. Inatoka Hall, mji mdogo kando ya mto Kocher, leo unaitwa Schwäbisch Hall, si mbali na ninapoishi. Ulikuwa unafua vipeni vidogo vya fedha enzi za kati, vikaitwa vya Hall, Häller, Heller. Nimeutembelea mara mbili, una ngazi pana za mawe mbele ya kanisa kubwa. Nilisimama pale nikawaza: bibi yangu Usangi alikuwa akisema "sina hela" maisha yake yote, na hakujua anataja mji huu.

#21 SalomeWaSingida

Asante sana kaka, hii inaingia kwenye daftari.

#22 MpareStuttgart

Na Wacheki wa mleta uzi nao wana hela! Senti yao iliitwa haléř, neno hilohilo la Heller. Vipande vya mwisho waliviondoa kwenye mzunguko mwaka 2008. Kwa hiyo Mcheki na Mtanzania walikuwa na hela wote wawili, kwa njia tofauti.

#23 MsomajiWaUsiku

Basi na pesa tuimalize. Pesa ni ya Wareno, kutoka peça au peso. Hilo mwalimu wangu wa sekondari alilisisitiza.

#24 Mswahili wa Maskati

Ndugu, soma #9. Baiza ya Oman, paisa ya India na pesa yetu ni kitu kimoja. Rupia moja ilikuwa paisa 64, na kwenye koloni la Kijerumani rupia moja ilikuwa pesa 64 vilevile, kama alivyosema Mpare. Hesabu hiyo ni ya Mhindi, si ya Mreno.

#25 Bi Shangani

Na Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, alifua pesa zake za shaba, mwaka 1299 wa Hijria. Zina picha ya mizani. Tulizikuta nyingi kwenye mchanga wa uwanja wa nyumba tulipokuwa wadogo, tukizichezea. Mizani ile ukiisugua kwa ndimu inang'aa.

#26 MsomajiWaUsiku

Naelewa, lakini neno linaweza kuja na Mreno likakutana na la Mhindi yakafanana. Wareno walikuwa hapa miaka mia mbili.

#27 Katanga Moja

Jambo bandugu. Huku Lubumbashi hela hatuisemake. Tunasemaka feza, ao franka, ao makuta. Feza ni ileile fedha yenu. Makuta ilikuwa sarafu: mwaka 1967 serikali iliondoa franka, ikaleta zaïre moja yenye makuta mia moja. Zaïre ilikufa, makuta imebaki kwa midomo ya bantu, hata kama feza yenyewe ni dola.

Na jina Zaïre ni nzadi, mto kwa Kikongo. Wareno banasikia vibaya, banaandika Zaire.

#28 NahodhaWaBara

Katanga, karibu sana. Umenikumbusha: fedha kwa Kiarabu ni yale madini meupe yenyewe, na sisi tunatumia neno moja kwa madini na kwa noti. Birr ya Uhabeshi maana yake ni hiyohiyo, na ndilo jina walilompa yule mwanamke wa 1780. Rupia nayo ni neno la Kisanskriti lenye maana ya fedha iliyopigwa chapa. Watu watatu, lugha tatu, wote wameita pesa kwa jina la kitu kilichoyeyushwa ili kuipata.

#29 Mama Karata

Nimesoma kimya mpaka hapo mlipomtaja Mreno. MsomajiWaUsiku, Mreno hakukupa pesa lakini alikupa karata. Karata ni carta. Na ukitaka uhakika angalia majina ya ndani:

Shupaza ni espadas, yaani panga, si koleo. Uru ni ouros, dhahabu. Pau ni paus, magongo. Na kopa ni copas, vikombe.

Vikombe! Karata za Wareno wa karne ya 16 hazikuwa na moyo. Zilikuwa na vikombe, panga, sarafu za dhahabu na magongo. Baadaye zikaja za Kifaransa zenye ule moyo mwekundu, lakini majina ya zamani yakabaki. Wareno wenyewe mpaka leo wanaita moyo copas, na sisi vivyo hivyo. Turufu nayo ni trunfo yao. Walizifikisha hadi Japani, na Wajapani wana mchezo unaitwa karuta.

Kwa hiyo mkitumiana kopakopa kwenye simu usiku, mnatumiana vikombe.

#30 Kapuku wa Tandale

Nilikuwa najua kopa ni kwa sababu ukipenda unakopa. Mama Karata umenivunjia ndoa.

#31 SalomeWaSingida

Na kopo la maji je?

#32 Mama Karata

Copo. Bilauri kwa Kireno. Ndugu wa kopa kabisa.

#33 Mtoto wa Gerezani

Mada zimetawanyika lakini ni tamu. Nami nitoe la mtaani kwetu: gereza ni igreja, kanisa kwa Kireno. Ilikuwaje nyumba ya sala ikawa nyumba ya wafungwa?

#34 Mjomvu

Ni Fort Jesus, hapa kwetu. Wareno walianza kuijenga 1593, ndani mulikuwa na kanisa. Waomani wakaitwaa 1698. Mwingereza akaifanya jela 1895 mpaka 1958. Watu wakiona jengo la igreja limejaa wafungwa, jina likahamia kwa wafungwa. Mambo ni wazi.

#35 Bi Shangani

Mjomvu, tarehe zako zenyewe zinakupinga. Mreno kaondoka 1698, jela imeanza 1895. Miaka karibu mia mbili neno lilikuwa likingoja nini? Angalia Ngome Kongwe ya Unguja: Waomani waliijenga juu ya kiwanja cha kanisa la Wareno, wakitumia na kuta zake. Watu wakaendelea kuliita jengo kwa jina la zamani, na ngome ina askari na ina pa kufungia watu. Jina lilishuka kanisani, likaingia ngomeni, likaishia kwa wafungwa, na yote yapo kwenye kiwanja kimoja.

#36 Mtoto wa Gerezani

Nami niongeze la tatu. Kilwa Kisiwani ukishuka kwenye jahazi, jengo la kwanza kubwa pale ufukweni ni boma la mawe lenye minara ya pembeni. Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, Waomani wakajenga upya baadaye. Wenyeji wanaliita Gereza. Nilipoenda nikamuuliza kijana aliyetutembeza, wafungwa walikaa upande gani? Akanishangaa. Kwao Gereza ni jina la ngome tu. Naona maana ya kwanza ilikuwa ngome, kufunga watu kumekuja baadaye.

#37 Mjomvu

La Kilwa sikulijua. Lakini kanisa la Fort Jesus lilikuwepo, msilifute.

#38 Mama Karata

Ajabu ni kwamba padri tumechukua kwa Mreno, lakini anaposalia tumechukua kwa Mwarabu: kanisa.

#39 Bi Shangani

Jamani, nimerudi kwenye mada. Jana baada ya Alasiri nilifungua vitu vya marehemu bibi yangu nikaitoa ile riale. Imetiwa kitanzi juu, aliivaa shingoni siku ya harusi yake. Nikaipeleka kwa sonara jirani akaiweka kwenye mizani: gramu 29 na kitu. Akasema toa kitanzi, yenyewe ni 28.

Nimeiangalia kwa kioo cha kukuzia. Ushungi wake una mikunjo, begani ana bizimu yenye vilulu pembeni. Ubavuni, yaani kwenye unene wa sarafu, kuna maandishi yamefutika kwa kuvaliwa. Kuizunguka sura naona herufi hizi, nanakili kama zilivyo: M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG.

Nani anazijua?

#40 MpareStuttgart

Bi Shangani, nimesoma hiyo mara tatu nikahema. Ni Kilatini kilichokatwakatwa. M. Theresia, kwa neema ya Mungu, kaizari wa kike wa Dola Takatifu ya Kirumi, na REG. mwishoni ni malkia. Malkia wa HU., Hungaria, na BO., Bohemia.

Bohemia ndiyo sehemu kubwa ya Ucheki. Joachimsthal iko Bohemia.

#41 NahodhaWaBara

Subirini. Kwa hiyo bibi yake Bi Shangani alivaa shingoni, siku ya harusi, Unguja, kipande cha fedha kinachoitwa kwa jina la lile bonde, na kimeandikwa jina la nchi yenye bonde?

#42 MpareStuttgart

Ndiyo. Herufi mbili, B na O.

#43 MwalimuHesabu

Ni jambo zuri sana na nimemsomea mke wangu. Ila bado nne si tano. Riale ya bibi ni shilingi nne. Dala ya konda ni tano. Kuna mkono mwingine hapo katikati, na mimi bado nasema ni wa miaka ya arobaini.

#44 KondaMstaafu

Mwalimu, kwa hilo niko upande wako. Riale sijawahi kuishika. Niliyokuwa nagonga nayo bati ilikuwa na sura ya Mwalimu Nyerere, na ninayo moja ndani, imelika upande mmoja kwa kugonga. Ukiipitisha kidole unasikia pale ilipobonyea.

#45 Mkaazi wa Githurai

Mjomvu, nimeuliza mzee mmoja aliyeendesha matatu miaka ya sabini. Anasema magari ya mwanzo yalikuwa na benchi mbili, si tatu.

#46 Mjomvu

Yake yalikuwa na mbili. Ya Mombasa je?

#47 Kapuku wa Tandale

Bi Shangani, samahani kuuliza, hiyo riale inaweza kufika bei gani?

#48 Bi Shangani

Haiuzwi, mwanangu. Nimeishaifunga kwenye kitambaa chake na kuirudisha kwenye kasha.

#49 Mama Karata

Kasha ni caixa. La Mreno.